Jani la Kaburini

Vitruvius, msanifu wa Roma ya kale, alisimulia kwamba kichwa cha nguzo ya Korintho kilibuniwa na mchongaji aliyeona kikapu juu ya kaburi la msichana, kimezingirwa na majani ya akanthasi. Mwaka 1856, Owen Jones wa London akatoa kitabu cha mapambo chenye kurasa 100 za michoro ya rangi, ya Wagiriki na Warumi ikiwemo, pamoja na jani hilo la akanthasi. Dibajini akaonya: jifunzeni kanuni, msinakili tu. Loo! Umfungulie fisi bucha, kisha umhubirie saumu! Jani la kaburini likaishia kupamba hata mabakuli ya vyoo vya Waingereza. Dibaji, ndugu msomaji, haikuwa na picha.