Mpaka Uone

Saa tisa za usiku, watu wenye akili zao hulala. Mimi nilikuwa jikoni, kikoi kiunoni, nikihesabu omena. Nilikuwa nimefika mia mbili na kumi na saba niliposikia sauti ya mwanamke mzee nje ya dirisha:

"Nyathina, unapika ama unafanya sensa?"

Hesabu ikanipotea. Nikaanza upya.

Mimi ni mhasibu, mzaliwa wa Mombasa. Reli iliyoanzia kwetu ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Mimi nilikuja kwa basi, zaidi ya miaka mia moja baadaye, na nadhani tulifika tumechoka sawasawa. Niliajiriwa na kampuni ambayo Februari moja iligundua kwamba hesabu zake hupendeza zaidi mshahara wangu ukitolewa. Kinachouma ni kwamba hesabu hizo nilizifanya mimi.

Barua ilikuja Ijumaa, na usingizi ukaacha kazi siku hiyo hiyo. Nilikwenda kufanyiwa mahojiano mahali pengine, nikaambiwa neno analolijua kila Mkenya aliyewahi kutafuta kazi: "Tutakupigia." Lini? Hawakusema. Mhasibu ukimwambia "tutakupigia" bila tarehe, umempa daftari lisilofungwa. Kila usiku nilijumlisha kodi, stima na karo ya mdogo wangu. Ikifika saa tisa nimeshatolewa vyombo nje, nimerudi Mombasa kwa nauli ya kukopa, na shangazi zangu wamejipanga barazani kunipa pole kwa zamu. Moyo ulikwenda mbio kama injini ya mashua iliyoinuliwa kutoka majini.

Dada yangu ndiye aliyenishauri kwa simu. "Pika, kaka. Mimi wasiwasi ukinishika huchambua mchele. Mikono ikipata shughuli, kichwa hunyamaza."

Sikubishana. Nilikuwa nimepanga chumba na jiko kule Dunga, kijiji cha wavuvi nje kidogo ya mji, na kitoweo kinachomfaa mtu asiye na mshahara hapo ni omena, dagaa wa ziwani. Dada akanitumia pishi lake la dagaa: "Chukua nusu kilo." Mizani sina. Nikaamua kukadiria uzito kwa idadi ya vichwa. Ndiyo sensa yenyewe.

Aliyenifuma ni jirani yangu, bibi ambaye ploti nzima humwita Dani, yaani nyanya, naye huniita nyathina, yaani mwanangu. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Dani," naye akajibu kwa furaha, "Na wewe pia." Hadi leo haijulikani nani mkubwa kati yetu.

Usiku ule aliingia bila hodi, leso begani, akaitazama sufuria yangu kama daktari atazamavyo mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani.

"Umewaosha na maji gani?"

"Ya mfereji, Dani."

"Baridi?"

"Baridi."

Akafumba macho kidogo, kama anayemwombea marehemu. "Chemsha mengine. Omena huogeshwa na maji ya moto, mchanga utoke."

"Maji kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Niwaloweke dakika ngapi?"

"Mpaka uone."

"Nione nini?"

"Utaona."

Nikachukua daftari nikaandika: *Maji, ya kutosha. Muda, mpaka nione.* Mkaguzi akikuta kitabu cha namna hii, hufunga mlango kwanza ndipo aite polisi.

Tulikula alfajiri. Kisha nikalala hadi saa nne, mara ya kwanza tangu barua ije. Nikadhani nimepata dawa. Nilikuwa nimepata, ila sikusoma karatasi ya madhara.

Dhara la kwanza lilipata suti. Niliitwa mahojiano mengine, na asubuhi hiyo nikaona nitulize roho kwa kukaanga omena, madirisha nimeyafunga kwa ajili ya mbu, suti inaning'inia mlango wa jiko. Mwenye bodaboda aliniuliza njiani kama mzigo wa sokoni nimeushika vizuri. Mzigo sikuwa nao. Ofisini walikuwa watu watatu. Wa kwanza akafungua dirisha, wa pili akatazama soli za viatu vyake, wa tatu akaniuliza kwa upole kama nina lolote la kuongeza. Nilipotoka, paka wa mlinzi alinisindikiza hadi barabarani kwa heshima zote. "Tutakupigia," walikuwa wamesema, na safari hii kwa haraka zaidi.

Dhara la pili lilinipata soko la Kibuye, Jumapili, siku ambayo soko humwagika hadi kando ya barabara. Omena huuzwa kwa gorogoro, lile kopo la bati linalopimia nafaka Kenya nzima. Nililigeuza gorogoro la mama mmoja nikaona kitako kimebonyezwa kwa ndani, kikakaa kama kilima.

"Mama, gorogoro lako lina kitovu."

"Wewe huna?"

Watu wakacheka hadi sehemu ya mitumba. Akanipimia, kisha akachota kwa mkono akaongeza, akatazama uso wangu, akaongeza tena. Nilipiga hesabu njia nzima ya kurudi Dunga: nyongeza ilikuwa kubwa kuliko kitovu. Sijui safu gani ya daftari huandikwa faida kama hiyo.

Dhara la tatu ni la magadi. Dani aliniletea apoth, mboga ambayo wengine huiita mrenda, akanifundisha kwamba hutiwa magadi ilainike. "Tia kidogo." Niliwaza kidogo ni ngapi. Nikaamua ni kijiko kimoja cha mezani, kwa sababu chini ya kimoja ni sehemu, na sehemu huzaa makosa. Sufuria ikatoa povu hadi kwenye meko. Dani alionja kwa ncha ya ulimi akageuka kando.

"Hii si ya kula, nyathina. Leta mashati."

Nikaona nami nimwonyeshe kwetu. Nikanunua nazi kwa bei iliyonikalisha chini, nikaikuna, nikawapika omena kwa tui zito badala ya maziwa ya ng'ombe. Dani alikaa na tonge mdomoni kwa muda mrefu.

"Huyu omena ni wa dini gani?"

Akala. Akajiongeza. "Siku nyingine usirudie," akasema huku akikomba sufuria. Kesho yake wakaja akina mama wawili wa kanisani kwake kuulizia pishi la yule omena wa Pwani. Wakauliza tui kiasi gani. Nikawaambia vikombe viwili na robo. Wakatazamana kwa huruma, kama watu waliosikia mtoto akisoma Kuran ya kukariri.

Siku zenye senti kidogo tulipika mgongo wazi: mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa ikauzwe Ulaya. Hukaangwa, ukang'ata nyama iliyosahauliwa kwenye uti. Nilimwelewa sana samaki huyo. Sote wawili tulikuwa tumetolewa cha maana tukaachiwa kichwa na mgongo. Hata tabia ya mbuta naielewa sasa: aliletwa ziwani humu miaka ya 1950, akaanza kula samaki wadogo waitwao fulu hadi aina zao nyingi zikatoweka. Huyo hakuwa na njaa. Huyo aliambiwa "tutakupigia".

Kwa wenzangu wasioliamini neno "kutosha", haya ndiyo niliyoyakokotoa kwa siri, saa mkononi, Dani akiwa amenipa kisogo. Omena wakavu, vikombe viwili. Toa vijiti na vijiwe. Wamwagie maji ya moto, waache dakika tano, kisha waoshe mara tatu au nne hadi maji yatoke safi, uwachuje. Wakaange kwa mafuta kidogo, moto wa wastani, hadi ukiwakoroga wasikike kama majani makavu, watoe. Kaanga kitunguu kimoja, tia nyanya tatu zipondeke, tia chumvi. Warudishe omena na nusu kikombe cha maji, funika dakika kumi, wala usiwakoroge kwa hasira, watavunjika. Mwisho mimina nusu kikombe cha maziwa, punguza moto, na usiondoke. Hilo la "usiondoke" ndilo pekee ambalo Dani alilitamka kama sheria. Kula na ugali wa mtama.

Basi miezi ikapita. Nilipata vibarua vya kuwaandikia wenye maduka vitabu vyao, kodi ikalipika, ingawa kwa kuchechemea. Lakini kuna jambo lilikuwa mbele ya macho yangu, mimi ambaye kazi yangu ni kuzisoma safu. Dani hakuja kila usiku. Usiku wa mwezi mpevu hakuonekana. Kisha kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, omena wanapofungiwa uvuvi wazaliane, hakuja usiku hata mara moja. Alilala fofofo, na mchana alikuwa mchangamfu. Nikadhani nimemchosha. Agosti msimu ulipofunguliwa, akarudi dirishani. Sikuuliza. Nilifurahi tu kwamba moshi wangu umesamehewa.

Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, nao omena huifuata nuru hadi kwenye nyavu. Mwezi ukiwaka, taa hazina kazi. Kwa hiyo usiku wenye giza, ukisimama Dunga, ziwa linakuwa na mji wake, taa mia hivi, mji usiodaiwa kodi. Mimi niliutazama kwa kuupenda. Sikujua kwamba kuna mtu anautazama kwa kuuhesabu.

Usiku mmoja wa Agosti upepo ulitoka ziwani kwa ghafla. Mabati yakalia. Nikachungulia: mji wa taa ulikuwa umetawanyika, nyingine zimezimika. Mlango ukabishwa. Dani, aliyeingia kwangu miezi yote bila hodi, safari hii alibisha. Mkononi alikuwa na omena wamefungwa kwenye leso.

"Leo pika wewe," akasema. "Mimi nitakaa tu."

Akavuta kiti akakiweka kuelekea dirisha.

"Kuna nani huko, Dani?"

"Kitinda mimba wangu."

Nikawasha meko. Sikuwa na neno la kusema, kwa hiyo nikachemsha maji. Nikawaosha, nikawachuja, nikawakaanga. Nilisikia midomo yake ikihesabu kimya kimya, ikifika mahali inarudi mwanzo, na nikakumbuka mia mbili na kumi na saba. Nilikuwa namwona kama tabibu wangu. Alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Nilipofunika sufuria, aliniuliza bila kugeuka, yeye asiyewahi kuuliza saa maishani mwake:

"Itachukua muda gani?"

Dakika kumi. Nilikuwa nazijua, zimo daftarini, nimezipima mara ishirini. Nikazitazama, nikaona hazimfai.

"Mpaka uone, Dani."

Alicheka kidogo, akajipangusa uso kwa leso. Nikamimina maziwa, nikapunguza moto, na kwa kweli hatukuondoka. Ila tulikuwa tunatazama upande mwingine wote wawili.

Kulipokucha, kijana mrefu alisimama mlangoni, amelowa chapachapa, viatu mkononi. Dani hakuinuka wala hakusema kitu. Alishika tu ukingo wa meza. Kijana akanusa hewa.

"Nani ameunguza maziwa?"

Dani akaninyooshea mwiko. Mimi nikamwelekeza yeye kwa kidevu. Kijana akavuta kigoda, akamega ugali, akachovya, akatafuna, akakunja uso.

"Chumvi imezidi."

"Imetosha," akasema Dani, akamwongezea.

Wale wa "tutakupigia" hawajapiga bado.