Mwongozo wa Mkuu Mpya Asiyetaka Kuziba Matundu

Hongera kwa uteuzi. Umekabidhiwa tovuti, seva na taarifa za maelfu ya watu, na bila shaka umeshasikia habari za watafiti wa usalama, wale wanaochokonoa programu na mifumo endeshi kutwa kucha wakitafuta penye tundu. Wasikunyime usingizi. Wao wanagundua tu. Kuziba ni kazi yako, kwa hiyo inaweza kungoja. Fuata hatua hizi.

1. Ahirisha kusasisha. Kiraka cha programu hakiozi. Microsoft walitoa kiraka cha Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapenya tundu lilelile, kikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 100 na kudai dola 300 kwa kuanzia. Hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Takriban miezi miwili ilikuwapo ya kujikinga, na wengi wakaimaliza yote kwa kusubiri. Nawe unaweza.

2. Agiza kwa maandishi, usifuatilie. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo, ilijulishwa Machi 2017 kwamba Apache Struts, programu inayoendesha tovuti zake, ina tundu. Barua pepe ya ndani ikaagiza lizibwe ndani ya saa 48. Barua ilifika; tundu likabaki. Wezi walichota taarifa tangu Mei hadi mwishoni mwa Julai, kwa sababu hata kifaa cha kukagua mawasiliano kilikuwa kipofu: cheti chake kilikwisha muda na hakuna aliyekihuisha. Siku kilipohuishwa, wizi ukaonekana. Watu takriban milioni 147 waliguswa. Ila jalada lilikuwa safi: agizo lipo, tarehe ipo.

3. Amini kila anachoandika mtumiaji. Kwenye kisanduku cha jina, mtu mwema huandika jina. Mjanja huandika alama ya nukuu na kipande cha amri, na hifadhidata, kwa utiifu wake, hutekeleza. Jeff Forristal alieleza mbinu hii hadharani mwaka 1998, na dawa yake inajulikana: amri ipite njia yake, maneno ya mtumiaji yapite yao. Lakini kuviunganisha huchukua mstari mmoja, na mkandarasi wako anataka kukabidhi kazi Ijumaa.

4. Heshimu nywila ya kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa kujaribu orodha fupi tu ya majina na nywila zinazotoka na kifaa dukani. Oktoba mwaka huohuo jeshi hilo la kamera likazifanya Twitter na Netflix zisipatikane kwa watu wengi Marekani. Kubadilisha nywila ni kukosa imani na mtengenezaji.

5. Mshtaki anayekupa taarifa. Hatua hii ndiyo yenye matunda ya kudumu. Mwaka 2021 mwandishi wa habari wa Missouri aligundua kuwa nambari za hifadhi ya jamii za walimu zimo ndani ya msimbo wa ukurasa wa serikali, msimbo ambao kivinjari chochote huuonyesha. Gazeti lake likaiarifu idara, likasubiri tundu lizibwe, ndipo likachapisha. Gavana Mike Parson akamwita mdukuzi na kutaka ashtakiwe. Februari 2022 mwendesha mashtaka akakataa kufungua kesi, lakini somo lilishaeleweka: atakayeona tundu kesho atanyamaza, au atamuuzia mwingine. Hutasumbuliwa tena na barua za aina hiyo.

Usiige Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambayo mwaka 2016 iliwaalika wadukuzi wajaribu tovuti zake na kuwalipa waliofaulu. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakujua bajeti: ufa hauna fungu, ukuta una zabuni.

6. Andaa tangazo mapema. Siku ikifika hutakuwa na muda wa kuandika. Sema mfumo ulipata hitilafu ndogo ya kiufundi, uchunguzi unaendelea, wananchi wawe watulivu. Usitaje taarifa za nani zimeibwa. Wenyewe watajua watakapopigiwa simu na tapeli anayewaita kwa majina yao matatu.