Sukuma Tuone

Hapa Mandera gari likigoma halipimwi, linasukumwa. Liwe lori, bajaji au trekta, wanaume hujitokeza hujui wametoka wapi; mmoja anavua makubadhi, mwingine hashiki kitu ila anatoa amri. Sina ugomvi na desturi hiyo kwa magari yenye injini. Changu hakina.

Changu ni kigari cha umeme cha kupita porini, kile cha magurudumu manene na kiti kimoja kirefu, kizee cha miaka, ambacho shemeji yangu wa Minneapolis alikipakia kwenye kontena pamoja na magodoro. Huko Marekani wawindaji huvipenda vigari hivi kwa sababu havina kelele; unamsogelea mnyama naye hana habari. Haya, Mandera ukimya huo una faida gani? Mbuzi wetu wamezoea kupisha kelele. Ukija kimya hawapishi, wanakutazama tu, na mwenye mbuzi anakutazama zaidi.

Halafu kuna hawa jamaa wa Nairobi wanaonipongeza kwa simu eti natunza hewa. Hewa gani? Garissa walijengewa shamba la sola la megawati 50, likazinduliwa Desemba 2019, na umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa. Sisi tuko nje ya gridi hiyo. Mji wetu una kituo chake, jenereta za dizeli zikisaidiwa na sola kidogo. Kwa hiyo kigari changu kinakunywa dizeli kama wenzake wote, ila chenyewe kinakunywa kwa mrija mrefu. Na jenereta zikipumzika usiku, nacho kinalala njaa.

Kiligoma kwenye mchanga, njia ya kwenda mto Daua, saa saba mchana, jua la Mandera likiwa halina mzaha na mtu. Nikikanyaga pedeli, chini ya kiti panalia tak. Nikiachia, tak nyingine. Hakuna zaidi.

Baraza likakutana hapo hapo.

"Mafuta yameisha," alisema mzee mmoja mwenye ndevu za hina, fimbo mabegani.

"Adeer, hakitumii mafuta."

"Ndiyo maana hakiendi."

Utajibu nini hapo? Wakasukuma. Nikawaeleza kwamba kitu cha umeme hakiwashwi kwa kusukumwa, wakasema nikae kwenye usukani niache maneno. Tukasogea mpaka chini ya mgunga, na hiyo naikubali ni faida, maana kulikuwa na kivuli. Kijana mmoja akafungua vifuniko vya betri bila kuniuliza, akaja na chupa ya maji ya kisima. Maji yetu ya kisima yana chumvi. Ukiyachemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe. Betri inataka maji yake yaliyosafishwa, yale ya dukani. Niliikamata chupa ikiwa imeshainamishwa.

"Basi betri zimekufa," akasema, amenuna. "Nunua mpya. Binamu yangu anauza."

Kila mtu mji huu ana binamu anayeuza betri. Asiyekuwepo ni binamu mwenye mita.

Mwishowe akapatikana fundi wa jenereta na simu, kijana mwembamba asiyependa maneno, nikamwamkia kama mkubwa wangu. Betri ziko nne, za volti 12 kila moja. Akagusisha nyaya za mita: volti 50 na kidogo. Akaniambia nikanyage. Tak. Mita ikabaki pale pale, 50 na kidogo.

"Si betri," akasema. "Betri iliyochoka ikipewa mzigo inaporomoka. Hii haijaporomoka kwa sababu mzigo haujaifikia. Umeme unakwama njiani."

Umati ulisikitika waziwazi, hasa yule wa binamu.

Fundi akabonyeza swichi ya kurudi nyuma, akanipa ishara. Kigari kikaruka kinyumenyume kwa nguvu zake zote, na wasukumaji waliokuwa wamejiegemeza nyuma yake wakatawanyika kila mmoja na upande wake. Makofi yakapigwa. Mzee wa hina akasema aliwaambia kitaenda.

"Kama kinarudi nyuma," fundi akaendelea, bila hata kutabasamu, "mota ni nzima, kontrola ni nzima, pedeli ni nzima. Aliyebaki ni mmoja."

Akanyanyua kiti. Chini yake kuna kontakta mbili, moja ya mbele, moja ya nyuma. Akaifungua ya mbele, akanionyesha vipande vya shaba vyenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba: vyeusi, vimejaa vishimo, na katikati yake vumbi jekundu. Kila nilipong'oa kigari kutoka kwenye mchanga, umeme mwingi ulipita hapo kwa cheche, na cheche zikala shaba. Ile tak ilikuwa koili inavuta kama kawaida, ila vyuma vikikutana umeme haupiti.

Kipuri? Kiagizwe Nairobi, kama kipo, kisha kipande basi zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Wajir. Fundi hakuwa na subira hiyo. Kontakta zote mbili ni za aina moja, basi akazibadilisha: nzima ikaenda mbele, iliyoungua ikapelekwa nyuma. Kigari kikaondoka vizuri kabisa.

"Na nikitaka kurudi nyuma?" nikauliza. "Kichochoro cha kwangu hakina pa kugeuzia!"

Fundi alikuwa anakunja nyaya zake. Aliyenijibu ni muuza maji, aliyekuwa amesimamisha mkokoteni wake muda wote huo ili asipitwe na lolote.

"Abti," akasema, "punda wangu naye hana rivasi, na nyumbani tunafika."