Mwacheni Msanii Apumue

Wapo watu wasio na shukrani. Tangazo lilisema saa mbili usiku, msanii akapanda jukwaani saa nane, basi wameanza kununa. Hawaoni kwamba wamepewa saa sita za ziada za kusimama uwanjani, tena bila kutozwa nyongeza? Na wa VIP walikalia kiti kilekile cha plastiki, ila chao kilivishwa kitambaa cheupe.

Kisha alipopanda, mambo yalikuwa mambo! Miwani myeusi, koti la manyoya katika joto la Dar es Salaam, maiki akatuelekezea sisi tuimbe. Akafungua chupa ya maji, akanywa taratibu, na sauti yake ikaendelea kutoka kwenye spika, nyororo, bila hata kukohoa. Kipaji hicho Bi Kidude hakujaliwa. Masikini bibi wa watu aliimba kwa koo lake mwenyewe hadi uzeeni. Wazee wa bendi ya Msondo nao, tangu enzi za NUTA Jazz mwaka 1964, bado wanahangaika kupuliza matarumbeta kana kwamba hakuna umeme. Na huko Zanzibar, waandaaji wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, wanamtaka kila msanii apige muziki laivu. Huo ni unyanyasaji wa wafanyakazi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msimu ujao kateni tiketi mapema, na mashairi yakaririni vizuri. Waimbaji ni ninyi.