Mkaza Mwana, Mama Mkwe na Kioo cha Mstari Mmoja

Hakuna mtu nyumbani kwetu, komini ya Manika, aliyedhani kwamba mtihani wa mdogo wangu ungegawa jiko. Anasoma sayansi ya habari na mawasiliano hapa Kolwezi, na mwalimu aliwaambia wajiandae kuchambua kipande cha tamthilia ya televisheni: kamera imewekwa wapi, ndani ya picha kuna nini, sauti gani inasikika, vipande vimeungwaje. Kuandika tu kwamba huyu mwema na yule mwovu hakutoshi. Ukisema mtu ni mwovu, onyesha kitu gani kwenye kioo kilichokufanya umwone hivyo.

Naiheshimu sana kazi hiyo. Katika mji huu watu wengi humaliza siku mbele ya tamthilia, na hukumu wanazotoka nazo pale huzichukua mpaka sokoni na kwenye vikao vya ndoa. Anayejifunza kuuliza hukumu hizo zimetoka wapi anafanya jambo la maana.

Kipande alichochagua kwa mazoezi kilitoka katika tamthilia ya Nigeria iliyotiwa sauti za Kifaransa, akaja nacho kwenye kle ya USB. Mama mkwe anafika kwa mwanawe bila taarifa. Siku ya pili bahasha ya pesa haionekani kabatini. Mkaza mwana anaulizwa, analia, mume yupo mlangoni hasemi kitu, kipindi kinaisha.

Televisheni yetu ni ile ya zamani yenye mgongo mrefu. Baba aliinunua kwa pesa alizopewa alipotoka kampuni ya madini ya Gécamines, wakati ule wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Pesa nyingine ziliisha kwa karo na dawa, televisheni ikabaki, na Baba huifunika kitambaa kila usiku. Ndiyo maana kuiwasha kwa ajili ya masomo lilikuwa jambo la nyumba nzima. Tukakaa wote: Baba, Mama, Nkambo aliyemzaa Baba, mimi, na watoto wa jirani dirishani.

Nkambo hafuati Kifaransa. Yeye hutazama. Kipande kilipoisha mara ya kwanza alikuwa tayari ameamua.

"Ule mutoto njo mwizi. Angalia mikono yake."

"Mikono yake iko na kazi, Mama," Mama akajibu bila kugeuka. "Anatwanga."

Mdogo wangu alifurahi, maana hapo ndipo penye somo. Akarudisha nyuma, akasimamisha. Kamera ilisogea mpaka mikono ya mkaza mwana ikajaza kioo, ikirekebisha kitenge. Baadaye ikaifuata tena ikifunga mlango wa kabati. Mikono ya mama mkwe haikuonyeshwa hata mara moja. Yeye alipigwa picha kutoka chini, amesimama, mwanga wa dirisha nyuma yake, akaonekana mkubwa kuliko mlango. "Kwa hiyo, Nkambo," akasema, "si wewe uliyemshuku. Kamera imekupeleka pale."

Nkambo akasikia ameitwa mwongo. Mama akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa kubwa mno kwa jambo la mtihani. Wawili hawa wameishi ua mmoja tangu Mama alipoolewa. Wana hesabu zao ambazo sisi watoto hatujui zilianzia wapi.

Asubuhi Nkambo akawasha mbabula yake mwenyewe, jiko la makaa, chini ya mwembe. Nyumba moja, mbabula mbili, na makaa bei yake inajulikana. Mama akapika bukari na sombe. Nkambo akapika bukari na ndakala. Baba alikula huku na huku, mchana na jioni, asionekane amechagua upande, na hakulala vizuri.

Ni Baba aliyejaribu kupatanisha, kwa kuleta habari za kundi la maigizo la Mufwankolo. Nkambo aliishi Lubumbashi miaka mingi na alilipenda kundi lile, michezo yao ya redio na televisheni kwa Kiswahili cha Katanga, kile kile tunachogombania nacho nyumbani. Mwaka 1986 kundi lilitengeneza mchezo wa televisheni uliojengwa juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na picha nyingine zilichukuliwa kijijini Kawama. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwapo, akaandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka 1990. Alieleza jinsi waigizaji walivyofanya kazi bila maandishi ya kukariri: walijadili kisa, wakagawana nafasi, wakajaribu, na maneno yakazaliwa palepale.

Nkambo, aliyekuwa amenuna, akaanza kueleza, na mdogo wangu akaandika haraka. Mufwankolo, alisema, alionyesha mtu mzima kuanzia kichwa mpaka kiatu. Kama ana njaa, ulimwona kwa jinsi anavyokaa. Wote wako mbele yako, unachagua mwenyewe umtazame nani. "Hawa banakukatia," akasema akionyesha kioo. "Wanakupa mikono, wanakupa macho, muntu haupewe." Sijasoma maelezo bora kuliko hayo juu ya tofauti ya jukwaa lililorekodiwa na tamthilia iliyoungwa vipande vipande. Kuhusu madaraka kuliwa mazima hakuna aliyesema kitu, lakini niliona Mama akitazama mbabula ya chini ya mwembe.

Jioni ile tulikaa tena, safari hii kuchambua mwangaza wa kipande kile. Umeme ukakatika. Uliporudi ulirudi kwa nguvu, televisheni ikatoa mlio, picha ikajikunja kama kanga, ukabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo. Baba alisimama akaushika ule mgongo kwa mikono miwili.

Umeme wa bwawa la Inga unaletwa Kolwezi kwa laini ya kilomita takriban 1,700, iliyoanza kazi 1982 na kujengwa kwa ajili ya migodi. Nyaya zinapita juu ya vijiji visivyo na taa. Sisi tulio pale laini inapoishia tunaishi na delestaji, umeme kukatwa kila mara, na hilo linaniuma kila mtoto anaposoma kwa tochi ya simu.

Sauti, hata hivyo, ilikuwa nzima. Mdogo wangu hakutaka kupoteza usiku, akacheza kipande kile kile, sisi tukiutazama mstari. Hapo ndipo tuliposikia tusichokisikia mwanzoni. Kila mama mkwe alipokaribia kusema, muziki mzito ulitangulia, chini kabisa, kabla hajafungua mdomo. Mkaza mwana hakuwekewa muziki wowote; alikuwa na pumzi yake na mchi wake. Picha ilimshtaki mke, sauti ikamshtaki mama mkwe. Mama, aliyekuwa anashinda kesi, akanyamaza. Nkambo akaomba irudiwe. Mara ya tatu akasema polepole, "Kumbe na ule mukubwa banamuonea."

Siku ya pili mbabula ya chini ya mwembe haikuwashwa. Nkambo alikaa jikoni akichambua majani ya sombe, Mama akimsogezea kigoda.

Mtihani ulipita, alama zikaja: 14 kwa 20. Mwalimu alisifu sana sehemu ya sauti na picha kupingana, akaandika pembeni kwamba mwangaza haukuguswa ipasavyo. Ni kweli, usiku wa mwangaza tulikuwa na mstari.

Fundi alikuta kipande kinachotawanya picha juu na chini kimeungua, akakitoa kingine katika televisheni mbovu. Picha ikarudi, fupi kidogo, vichwa vimebonyea. Nkambo akadai kujua bahasha ilikwenda wapi, ikabidi kle iazimwe upya na vipindi viwili vya mbele.

Mume ndiye aliyeichukua.

Mama na Nkambo waligeuka pamoja wakamtazama Baba. Mdogo wangu hakuwaona, alikuwa amerudisha kile kipande cha kwanza na kukisimamisha pale mlangoni: mume amesimama nusu gizani, mkono mmoja mfukoni, na kamera inampita mara tatu bila kumsogelea. "Yaya," akaniambia akitafuta kalamu, "mwangaza ulikuwa hapa."