Mwongozo Kamili wa Kupiga Kelele Kwa Mkapa

Kutazama mpira hakuhitaji nauli ya kwenda Temeke. Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea mechi, vipo kila mtaa wa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala Charambe hadi Tandale kwa Mtogole, na kwa hela ndogo unapata benchi, feni na mchambuzi wa kujitolea ambaye hajawahi kukatishwa kauli. Anayepanda daladala kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa anakwenda kazini. Kazi yenyewe ni kuhakikisha beki wa timu pinzani hamsikii kipa wake, na winga wetu aliyeishiwa pumzi dakika ya 70 anakimbia mpaka ya 94.

Kazi hiyo ina mafundi, na mafundi wanatoka uswahilini: Tandika, Keko, Buza, Mwananyamala, Magomeni. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kujiunga nao, awe wa Jangwani (Yanga) au wa Msimbazi (Simba). Sheria za kelele ni zilezile.

Hatua ya 1: Nenda tawini

Shangwe ya Jumamosi huanza Jumatano. Nenda kwenye tawi la timu yako. Utalijua kwa ukuta uliopakwa nyekundu na nyeupe au kijani na njano, kwa bendera iliyopauka juani, na kwa wazee wanaocheza drafti chini ya mwarobaini. Waamkie, kisha toa mchango wako. Tawi lina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na lina daftari ambalo halisamehi deni. Hela hiyo ndiyo inayokodi Coaster, inayowalipa wapiga tarumbeta, inayonunua maji ya vijana watakaoanza kuimba saa 7 mchana kwa mechi ya saa 11 jioni. Asiyechangia Coaster hana haki ya kuchagua wimbo.

Msafara wa hamasa ukipita mtaani kwako, gari la spika mbele, msemaji wa klabu juu yake na bodaboda zikipiga honi nyuma, toka nje. Usichungulie dirishani. Klabu kubwa zimeshajua kwamba uwanja unajazwa kutokea Mbagala na Manzese, ndiyo maana wasemaji wao wanakesha huko. "Kwa Mkapa hatoki mtu" ilikuwa kauli ya klabu; leo ni mali ya makonda na wauza kahawa, na imeota meno. Al Ahly ya Misri, klabu yenye mataji mengi kuliko zote Afrika, ilikuja Temeke Februari 2019 ikafungwa 1-0 na Simba. Ikarudi Februari 2021, ikafungwa tena 1-0. Wafungaji walikuwa Meddie Kagere na Luis Miquissone, lakini mtafute mtu aliyekuwapo jukwaani atakayekubali kwamba walifunga peke yao. Hutampata, na waliokuwapo wako sahihi.

Hatua ya 2: Pata mafunzo kwenye ndondo

Kabla ya kuwaimbisha watu 60,000, waimbishe mia tatu. Nenda uwanja wa Bandari, Tandika, au Kinesi, siku ya mechi ya mchangani. Tangu mashindano ya mchangani ya Ndondo Cup yaanze mwaka 2014, viwanja hivyo vimekuwa chuo cha ushangiliaji: vikundi vya mitaa vinakuja na ngoma, sare na mizaha ya wiki nzima, na vinashindana wenyewe kwa wenyewe kama timu zinavyoshindana.

Kwenye ndondo hakuna jukwaa. Umesimama kwenye vumbi, hatua mbili kutoka mstarini, na winga anasikia kila neno. Akipita anaweza kukujibu, na mara nyingi anajibu. Hapo ndipo unapojifunza somo kubwa la fani hii: sema kitu unachoweza kukirudia kesho mbele yake, kwa sababu kesho mtakutana kwa kinyozi.

Hatua ya 3: Ngoma kwanza, vuvuzela baadaye

Vuvuzela lilivuma duniani kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010, na wengi tukalinunua. Shida yake ni moja: lina sauti moja, halina swali wala jibu. Umati unaopuliza vuvuzela hauwezi kuimba, kwa maana midomo imeshikwa. Ngoma inaacha midomo huru.

Na ngoma tunazo. Ardhi hii ni ya Wazaramo, na ngoma yao ya mdundiko bado inapita mitaani mwali akitolewa. Wapiga tarumbeta wanaosindikiza maharusi Jumamosi wapo, na ukiwawahi wiki mbili kabla hawatakukatalia. Fundi wa shangwe anawafahamu wote kwa simu.

Fika tawini asubuhi ya mechi utazame ngoma zinavyoandaliwa. Kijana anawasha maboksi na magazeti makavu kando ya ukuta, anaigeuza ngoma ngozi ielekee moto, anaizungusha taratibu isiungue upande mmoja. Kila baada ya muda anagonga kwa vidole, anatega sikio.

"Shikamoo mzee, tuondoke?"

"Marahaba. Bado, hiyo inalia kama debe. Iongezee moto."

Anaongeza karatasi. Anagonga tena, safari hii mlio unaruka, na mtoto aliyepita na ndoo ya maji anageuka. Mzee anaitikia kwa kichwa. Sasa mnaweza kupakia. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ndiyo maana mnabeba mbili za akiba.

Kuhusu muziki wa spika: singeli iliyozaliwa Tandale na Manzese ndiyo mafuta ya safari. Ipigwe juu ya Coaster na nje ya mageti, watu wapande mzuka. Jukwaani uiweke pembeni. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na hakuna umati wa maelfu unaoweza kupiga makofi kwa kasi hiyo bila kuvurugana. Jukwaani tafuta mapigo ya mwendo wa miguu, mapigo ambayo bibi wa miaka 70 na mjukuu wake wanayafuata pamoja.

Hatua ya 4: Wimbo uwe mfupi, kiongozi aonekane

Wimbo wa uwanjani una mwanzilishi na wapokeaji. Mwanzilishi anatupa mstari, jukwaa linarudisha kiitikio. Kiitikio kisizidi maneno manne. Kikizidi, waliokaa nyuma watabaki kufungua na kufunga midomo.

Kuna hesabu ya fizikia ambayo kila kiongozi wa ushangiliaji anatakiwa aijue. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Kutoka jukwaa moja hadi la ng'ambo kwenye uwanja mkubwa ni kama mita 200, kwa hiyo pigo la ngoma yako linafika kule baada ya zaidi ya nusu sekunde. Wa ng'ambo wakipiga makofi kwa kulisikiliza, watachelewa, na makofi yao yakirudi kwako yatakuwa yamechelewa mara mbili. Ndiyo maana wimbo unaoanza vizuri hugeuka vurugu. Dawa yake ni macho. Kiongozi apande mahali pa juu, ageukie watu, aupe mpira mgongo, anyanyue mikono, na kila mtu amfuate kwa kumtazama. Ndiyo, mtu huyo anaweza kumaliza mechi bila kuona bao hata moja. Mheshimuni. Akishuka, mpeni maji kabla hajaomba.

Hatua ya 5: Tania, usitukane

Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, ambayo iliitwa Sunderland hadi 1971. Miaka yote hiyo tumetaniana, na utani huo ndio chumvi ya kelele zetu. Yanga wanaitwa vyura kwa sababu Jangwani hufurika mvua zikinyesha. Simba wanaitwa mikia, na maelezo yake yanategemea unamuuliza nani. Vidole vitano ukimwonyesha mtani, hakikisha unakumbuka historia yote: Simba iliifunga Yanga 5-0 Mei 2012, na Yanga ikailipa 5-1 Novemba 2023. Kila upande una mkono wake, na kila upande una shavu lake.

Mipaka iko wazi. Mama wa mtu haguswi. Kabila haliguswi, dini haiguswi, ulemavu hauguswi. Utani mzuri humfanya aliyetaniwa acheke kwanza, kisha atafute jibu. Mtu akikosa jibu akaanza matusi, amefungwa yeye, hata kama timu yake inaongoza.

Hatua ya 6: Fika mapema, viache viti pale pale

Hapa sifanyi mzaha. Tarehe 28 Mei 2023, siku ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika kati ya Yanga na USM Alger, watu walisongamana kwenye mageti ya Mkapa na mwenzetu mmoja akapoteza maisha. Alikwenda kuimba kama sisi. Toka nyumbani mapema. Watokao Mbagala waifuate Barabara ya Kilwa, watokao Mwenge na Ubungo waifuate ya Mandela, na wote wawe wameketi kabla msongamano haujaanza. Ukiona geti limebana, rudi nyuma na uwaambie wa nyuma yako warudi. Sauti yako ina kazi hiyo pia.

Desemba 2024 viti viling'olewa baada ya mechi ya Simba na CS Sfaxien ya Tunisia. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likaamua mechi iliyofuata nyumbani, dhidi ya CS Constantine Januari 2025, ichezwe bila mashabiki. Simba ilishinda 2-0, lakini mafundi wote wa Tandika na Magomeni walibaki vibandani na ngoma zao. Kiti kimoja kikirushwa, watu 60,000 wanapoteza kazi.

Hatua ya 7: Imba ukiwa umefungwa

Bao likiingia, kila mtu anaweza kupiga kelele, hata aliyekuja kwa tiketi ya bure. Fundi hupimwa pale timu yake inapokuwa nyuma, wachezaji wameinamisha vichwa na jukwaa limeanza kulaumiana kuhusu usajili. Hapo ndipo ngoma ilie zaidi. Mchezaji aliyekosea pasi anajua kwamba amekosea. Anachohitaji kujua ni kama bado mko naye.

Tarehe 20 Oktoba 2013 Simba ilikwenda mapumziko ikiwa imefungwa 3-0 na Yanga. Shabiki aliyekata tamaa akatafuta daladala alisikia redioni matokeo ya mwisho: 3-3. Februari 2024 Yanga iliikaribisha CR Belouizdad iliyokuwa imeifunga 3-0 kule Algeria, ikaipiga 4-0 na kufuzu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Aprili 2025 Simba ilirudi kutoka Misri na deni la 2-0 kwa Al Masry, ikashinda 2-0 kwa Mkapa na kufuzu kwa penalti. Mechi tatu za aina hiyo zinatosha kumfundisha mtu yeyote: kipenga cha mwisho ndicho kinachokuruhusu kunyamaza.

Na ikitokea mmefungwa kweli, wapigieni makofi wanaume waliokimbia dakika 90. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kisha rudini tawini mkawalipe wapiga tarumbeta kama mlivyokubaliana, kwa sababu wao hawakufungwa.

Hatua ya 8: Mkutane na watani mtunge wimbo mmoja

Hii ndiyo hatua iliyobaki nyuma. Timu ya taifa, Taifa Stars, ikicheza, jukwaa lina mafundi wa pande zote mbili lakini halina wimbo wao wa pamoja. Mmoja anaanzisha wa Msimbazi, wa Jangwani wananyamaza. Mwingine anaanzisha wa Jangwani, wa Msimbazi wanatazama simu. Mara nyingine huwa tunaweza: Machi 24, 2019 Stars iliifunga Uganda 3-0 na kurudi Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39, na siku ile hakuna aliyemuuliza jirani ni wa timu gani.

Kombe la Mataifa la 2027 limepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Kazi yako ni hii: tafuta tawi la watani lililo karibu na lenu, mara nyingi liko mtaa wa pili. Peleka wazee wawili, mpiga ngoma mmoja na kahawa. Tungeni kiitikio cha maneno manne kisichotaja simba wala chura, mkipige kwa mapigo ya mwendo wa miguu, mkifundishe shule za msingi za Temeke na Kinondoni. Anzeni Jumapili hii. Ngoma inahitaji kuzoea mkono, na watani wanahitaji muda zaidi ya ngoma.