Mbuzi wa Shemeji

Siku nilipoingia nyumbani na Toyota Aqua, shemeji yangu alikuwa kibarazani anakunywa chai yangu. Akalitazama likipita getini bila mlio, akaweka kikombe chini, akauliza: "Shemeji, hilo ni gari au blenda?"

Nikamwambia ni haibridi, petroli na umeme. Akacheka mpaka mama watoto akatoka jikoni kuona kulikoni. Kwa maelezo yake, magari haya hayavuki themanini. Yametengenezwa kwa ajili ya wastaafu wanaokwenda kuhakikiwa pensheni. Yeye ana Mark X nyeusi ya silinda sita, na anaamini heshima ya mwanamume iko chini ya boneti. Mwezi ule tulikuwa na safari ya Morogoro, harusi ya mtoto wa mjomba wao. "Likivuka mia," akasema, "nakuletea mbuzi. Beberu, si jike."

"Na shahidi awe nani?" mama watoto akauliza.

"Atapatikana," akajibu shemeji. Kweli alipatikana.

Usiku ule mezani kijana wangu wa kidato cha pili alinitetea kwa nguvu zote. Akasema magari ya Formula 1 yote ni haibridi tangu 2014, nayo yanavuka 300 kwa saa. Akasema Ferrari ilitoa LaFerrari mwaka 2013, haibridi inayopita 350. Akasema Toyota yenyewe ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 2018 kwa gari la haibridi. Nikashiba kwa maneno hayo kuliko kwa ugali. Mama watoto akakusanya sahani na kuuliza kama LaFerrari nayo inapita kwenye matuta ya kwetu.

Nikiri kwamba nilikuwa sijalijua gari lenyewe. Kila asubuhi ukiliwasha, sauti ya mwanamke inasema kitu kwa Kijapani, kwa adabu kabisa. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, alikuwa akiitikia: "Marahaba, mwanangu." Kwake yeye, kijana anayeanza kuzungumza na mtu mzima asubuhi hawezi kuwa anasema jambo jingine. Baadaye tukaja kuelezwa kwamba yule dada analalamika kuwa kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Mama mkwe hakubadilisha jibu.

Siku ya tatu nilirudi baada ya isha, nimechoka. Gari hili likisimama, injini inazima yenyewe, kwa hiyo hakuna mngurumo wa kukukumbusha. Nikashuka, nikafunga mlango. Likapiga piipii, nikadhani linaniaga. Saa nane usiku injini ikaamka uani, gari halina mtu.

Mama mkwe alianza Ayatul Kursi kabla sijapata suruali. Mlinzi wa jirani alikuwa ameshamulika kwa tochi juu ya ukuta, akapiga kelele kuwa ndani hamna dereva. Nikatoka na panga. Nilipofika hatua mbili kutoka kwenye boneti, gari likanyamaza lenyewe, kama limeniona. Sisemi nilirudi nyuma. Nasema nilijipanga upya. Mama watoto akapita na kanga yake begani, akafungua mlango, akabonyeza kitufe kimoja, taa ya kijani iliyoandikwa READY ikazimika, akarudi kulala. Nilikuwa nimeliacha likiwa tayari kwa safari. Betri ikishuka, injini inaamka kuijaza, ikitosha inalala tena, na ingefanya hivyo mpaka petroli iishe. Yeye alikuwa ameshaangalia video zote. Mimi nilikuwa nimesoma bei tu.

Likafuata lile la B. Kwenye gia kuna P, R, N, D, halafu B. Fundi mmoja wa kijiweni aliniapia kwamba B ni Betri: ukiendesha humo, unachaji mwendo mzima. Nikaendesha kwenye B wiki nzima, kutoka Kimara mpaka Posta na kurudi, huku najisikia mjanja. Gari likawa linavuma na kujivuta kila ninapoachia mafuta, na petroli ikawa inaisha haraka kuliko alivyoniahidi muuzaji. B ni breki ya injini. Ni ya kuteremkia mlima mrefu kama Kitonga, ambako betri ikishajaa gari linahitaji kitu kingine cha kulizuia; kwenye barabara tambarare ni hasara tupu. D peke yake inatosha: ukiachia mafuta mapema na kukanyaga breki taratibu, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ukingoja hadi dakika ya mwisho ukakanyaga kwa hasira, kazi kubwa inafanywa na breki pedi, na kilichopatikana ni moto. Hata ule utaalamu wa baba zetu wa kuteremka na frii haufai hapa, maana kwenye N betri haipati kitu.

Basi siku ya safari ikafika. Mama watoto mbele, mama mkwe nyuma na wajukuu wawili, na buti limejaa masufuria ya kukodi. Mablanketi manne ya zawadi yakakosa nafasi. Nikayasokomeza chini, pembeni ya kiti cha nyuma, yakakaa vizuri kabisa. Yakumbuke hayo mablanketi.

Mpaka Kibaha nilikuwa mtu wa heshima. Baada ya Mlandizi Mark X ikatupita, honi tatu, mkono wa shemeji nje ya dirisha ukipima urefu wa mbuzi kutoka ardhini. Nikakanyaga.

Niseme kinachotokea hapo, maana kinachekesha. Injini ya Aqua hii ni ya lita moja na nusu, nguvu farasi 74. Ukijumlisha na mota unapata kama 100, kwa gari la uzito wa tani moja na kidogo. Si haba. Lakini halina gia za kupanda moja baada ya nyingine. Injini na mota mbili zimeunganishwa kwa meno yanayozungukana kama sayari, kwa hiyo ukikanyaga mpaka chini, injini inapanda moja kwa moja kwenye kilele cha sauti na kubaki hapo, inalia kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi, na mwendo unafuata baadaye kwa wakati wake. Abiria anadhani mna 160, kumbe 90. Watoto wakaziba masikio. Hata hivyo namba za dashibodi zilipanda: mia, mia na kumi, mia na ishirini. Halikutetemeka. Nimekuja kugundua kwamba hata Mark X ya shemeji inaishia 180, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikubaliana zamani kuyafunga magari ya soko lao hapohapo. Silinda sita zote zile, na dari ipo.

"Kuna nyuki humu," akasema mama mkwe.

"Ni upepo, mama."

"Baba, upepo naujua. Hawa ni nyuki, na wako chini ya kiti."

Sikumjibu, nilikuwa nimeiona Mark X mbele. Nikaipita. Nilikuwa bado natabasamu nilipoona kibao cha 50, halafu nyumba, halafu shati jeupe likiingia barabarani na mkono juu. Nilikuwa nimepigwa tochi.

"Habari ya safari, dereva. Leseni." Afande akanigeuzia kifaa chake cha kupimia mwendo nisome mwenyewe: 104. Akazunguka gari, akainama kusikiliza, injini ilikuwa imeshazima. "Na hili la umeme nalo linakimbia hivi?"

Hapo nilitaka kufurahi, nikashindwa. Ng'ambo ya barabara alisimama mtoto wa shule na ndoo ya maji kichwani, sare ya bluu, umri wa huyu wangu mdogo, anangoja niondoke avuke. Mama watoto alikuwa anamtazama yeye, hanitazami mimi. Nikalipa elfu thelathini bila kuomba nisamehewe. Shemeji akapita taratibu na 45 zake, mkanda umefungwa, mikono miwili kwenye usukani kama anafanya mtihani wa leseni, akatupungia.

Tulipokaribia Chalinze nyuki wa mama mkwe walikuwa mzinga mzima, na gari limelegea. Umeme haukusaidia tena. Injini peke yake ilikuwa inahangaika, na taa ya onyo ikawaka kwenye dashibodi. Nikaingia kwa fundi wa kando ya barabara. Akafungua boneti, akatazama sekunde kumi, akatingisha kichwa kama daktari: betri kubwa imekufa, milioni mbili na nusu, na kwa bahati nzuri ana binamu yake anazo Dar.

Wakati mimi napiga hesabu ya nani wa kukopa, mama mkwe alishuka kunyoosha miguu. Akainama, akayavuta mablanketi moja moja, akapeleka kiganja pale chini. "Njooni muone," akasema. "Mmemziba mtu pua."

Kulikuwa na kikava chenye matundu pembeni chini ya kiti. Betri kubwa ya gari hili imekaa chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa kwa hewa ya humuhumu ndani, inayovutwa na feni kupitia matundu yale. Nyuki walikuwa feni, inazunguka kwa nguvu zote na haipati hewa. Kijana wangu akabandua kikava kwa bisibisi. Chujio lilikuwa limevaa koti: vumbi, nyuzi za mablanketi, makombo ya biskuti, na karatasi ya pipi. Tukalipiga brashi, tukaliegesha gari chini ya mwembe, tukala mishikaki na kumwachia fundi elfu tano ya usumbufu. Lilipopoa, likaenda. Taa ilikuja kufutwa Morogoro kwa kompyuta, na betri ile ya milioni mbili na nusu ipo hadi leo.

Kurudi aliendesha mama watoto, bila majadiliano. Alikaa kwenye 80 na 90. Akiona tuta mbali, aliondoa mguu mapema, gari likajipunguza lenyewe na kibetri cha kwenye dashibodi kikapanda. Upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 ukaenda 120, unaongezeka mara mbili na robo, na hakuna mota inayokufutia deni hilo. Kwenda nilikuwa nimepata kilomita 15.6 kwa lita. Yeye alirudi na 24.3. Kwa kilomita zipatazo 190 za njia ile hiyo ni tofauti ya lita nne na ushee, na alifika kwa saa tatu na nusu, wakati mimi, ukihesabu tochi na mwembe, nilitumia tano. Foleni ya kuingia Dar, iliyokuwa ikinipandisha presha siku zote, yeye aliipita karibu yote injini ikiwa imezima, anasikiliza taarabu.

Karatasi ya faini ameibandika kwenye mlango wa friji, namba 104 imezungushiwa wino mwekundu. Ndiyo shahidi wangu. Shemeji amekuja mara tatu kuisoma, na kila mara anasema tochi ya serikali si kipimo alichokikubali. Mbuzi sijamwona. Msomaji, kama una gari la namna hii, mablanketi weka kwenye buti.